Mkupuo mmoja au tabaka kwa tabaka: uanze vipi kuchora matunda kwa rangi za mafuta

Ukutani kwangu, Chumbageni, zimetundikwa hadibodi mbili zenye sahani ileile: chungwa la Muheza, plamu tatu za Lushoto na ndizi mbili zilizoshikana. Ya kushoto niliianza saa mbili asubuhi nikaweka brashi chini saa saba mchana, rangi ikiwa bado mbichi. Ya kulia ilinichukua siku 26, na katika siku hizo nilirudi sokoni Mgandini mara tatu kutafuta ndizi zinazofanana na zile za kwanza. Wageni wakiingia, wengi husimama mbele ya ile ya kulia na kusema plamu zile zinalika. Wachache, hasa wanaochora wenyewe, husogea kushoto na kukaa hapo muda mrefu.

Kila anayetaka kujifunza huniuliza aanze na njia ipi kati ya hizo. Achore kwa mkupuo mmoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, amalize kabla haijakauka? Au achore tabaka kwa tabaka, kila moja likauke ndipo aweke jingine? Jibu langu nalitoa mapema usilisubiri: wengi wetu hapa Tanga tuanze na mkupuo mmoja, tena kwa tunda moja, kwenye kibao kidogo. Lakini wapo watu wa aina tatu ambao ningewashauri kinyume chake, na yapo matunda ambayo mkupuo mmoja hauyawezi.

Njia zenyewe

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walikuwa mabingwa wa tabaka. Mtu kama Willem Kalf, aliyechora malimau yenye ganda lililomenywa nusu likaning'inia ukingoni mwa meza, alijenga picha kama fundi anavyojenga nyumba: msingi, kuta, lipu, ndipo rangi. Kwanza umbo huchorwa kwa kahawia au kijivu, mwanga na giza tu, bila rangi ya tunda. Likikauka, rangi zenyewe zinakuja juu yake. Hizo nazo zikikauka unaweka utandu, yaani rangi nyembamba iliyolegezwa kwa mafuta hadi inapitisha nuru kama kioo cha rangi. Nuru inapenya utandu, inagonga tabaka la chini, inarudi machoni. Kina unachokiona kwenye plamu zangu za kulia kinatoka hapo.

Mkupuo mmoja nao ni wa zamani, ila ulishamiri karne ya 19. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati ya kuwekea rangi. Kabla ya hapo rangi ya mafuta ilifungwa kwenye kibofu cha mnyama, na ukishakitoboa rangi inaanza kuharibika. Tyubu ilimpa mchoraji rangi zake zote tayari, mbichi, kwa wakati mmoja, na popote alipo. Mwaka 1880 Édouard Manet alichora limau moja juu ya sahani ya rangi ya giza, picha ya sentimita 14 kwa 22 tu, iliyoko makumbusho ya Orsay, Paris. Hata ukiitazama kwenye simu unaweza kuhesabu mipigo ya brashi, na bado ni limau lenye uzito na ganda lake.

Nasisitiza hilo kwa sababu watu hudhani tabaka ndiyo njia ya uhalisia na mkupuo mmoja ni wa picha za ovyoovyo. Uhalisia unatokana na kuona sawasawa. Njia zote mbili zinafika huko, ila zinakutoza gharama tofauti.

Chungwa lisilo na rangi ya chungwa

Lugha yetu imelipa tunda jina, kisha ikaipa rangi jina la tunda. Lakini nenda pale magunia kutoka Muheza yanaposhushwa utazame: chungwa letu ni la kijani, kijani chenye manjano ndani yake, hapa na pale baka la kahawia. Ganda hugeuka na kuwa na rangi tunayoiita ya chungwa pale usiku unapokuwa wa baridi. Joto la pwani hubakiza ukijani hata nyama ya ndani ikishaiva na kuwa tamu. Mwanafunzi mpya mkono wake unakwenda wenyewe kwenye tyubu ya rangi ya chungwa. Anachora neno, na tunda limekaa mbele yake halijaangaliwa.

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana zaidi kwa anayejifunza. Kwenye mkupuo mmoja kila mpigo unabeba maamuzi matatu kwa pamoja: ni rangi gani, ina giza kiasi gani, ikae wapi. Ukikosea moja, mpigo unaofuata unachanganyika na kosa lile, na baada ya dakika kumi una tope la kijivu lililo duara. Inaumiza. Lakini inakulazimisha kuchanganya rangi kamili kwenye paleti kabla hujagusa kibao, na hakuna zoezi linalofundisha rangi haraka kama hilo. Kwa chungwa la Muheza mimi huanza na njano ya kadmiamu, naongeza ultramarini, ile buluu iliyokolea, kidogo mno, punje tu kwenye ncha ya kisu, kisha nukta ya nyekundu ili kijani kisiwe kikali kama cha plastiki. Upande wa kivuli natia ultramarini zaidi na amba iliyochomwa, yaani kahawia ya udongo. Nyeusi siigusi. Kivuli cha tunda hakikosi rangi, na kule chini kabisa karibu na meza utaona mstari hafifu wa nuru inayorudi kutoka kwenye kitambaa. Kama kitambaa ni khanga nyekundu, mstari ule utakuwa na wekundu. Mwanafunzi anayeuona mstari ule kwa mara ya kwanza hawezi tena kuacha kuuona.

Tabaka kwa tabaka inayagawa maamuzi yale. Siku ya kwanza unashughulika na umbo, siku nyingine na mwanga na giza, rangi inasubiri. Kwa hiyo unakosea kidogo kila siku, na kosa lililokauka unaweza kulifunika bila kuchafua kitu. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukaa wiki mbili ukipendezesha kijivu kwa bidii, halafu rangi zikifika ukagundua hujui kuchanganya. Nimeona michoro ya namna hiyo: umbo zuri kabisa, limevikwa rangi isiyo yake.

Jambo moja linafanana kwa zote mbili. Vishimo vidogo vya ganda la chungwa usivichore tunda zima. Vinaonekana pale tu mwanga unapoanza kuingia kivulini. Weka vichache hapo, na jicho la mtazamaji litajaza vilivyobaki.

Kukauka, na hewa yetu ya chumvi

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Nguo inapoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hayaendi popote, yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka taratibu kuwa ngozi ngumu. Ndiyo maana kila rangi ina mwendo wake. Amba inawahi kwa sababu ina manganizi ndani yake, madini yanayoharakisha kazi hiyo. Nyeupe ya titani na rangi za kadmiamu zinachelewa. Barazani kwangu, amba nyembamba iliyolegezwa kwa tapentaini inashikika kesho yake au keshokutwa. Nyeupe nene inaweza kukaa siku kumi bado inaacha alama ya kidole, na wakati wa masika zaidi ya hapo.

Kwa mkupuo mmoja habari hiyo karibu haikuhusu. Unamaliza, unaegemeza kibao kikiwa kimeelekea ukuta mbali na vumbi na vidole vya watoto, basi.

Kwa tabaka, hiyo ndiyo sheria ya nyumba nzima. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mafuta mengi zaidi. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza, lile la chini litaendelea kujivuta likiwa limefunikwa, na baada ya muda uso wa picha utapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kwa hiyo la kwanza lichorwe kwa rangi na tapentaini, la pili kwa rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, utandu wa mwisho ndio uongezewe mafuta ya kitani, tena matone tu.

Na yawe ya kitani kweli. Mwaka wangu wa kwanza mafuta yaliniishia katikati ya kazi, nikachukua ya nazi jikoni. Nilijiambia mafuta ni mafuta. Miezi minane baadaye picha ile ilikuwa inanata kama asubuhi ile, imekusanya vumbi na mbawa za wadudu, nikaitupa. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe, hayana tabia hiyo. Ila yana kazi nyingine nzuri: ukimaliza kuchora, sugua brashi kwenye mafuta ya nazi hadi rangi iachie, kisha ioshe kwa sabuni ya mche. Brashi zangu zimeishi muda mrefu hivyo, na nyumba hainuki tapentaini usiku.

Wenye haraka wanaopenda tabaka wana njia ya mkato iliyo halali. Mchoro wa chini wa mwanga na giza ufanye kwa rangi ya akriliki, ambayo inakauka ndani ya saa moja, kisha endelea na mafuta juu yake. Kinyume chake hakifai: akriliki juu ya mafuta itabanduka.

Hadhari moja kwa wote. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa pamoja kwenye kapu. Kule kuvuta oksijeni kunatoa joto, na lundo likikosa hewa linaweza kuwaka lenyewe. Mimi huvitandaza kambani nje, kimoja kimoja, hadi vikakamae.

Tunda lenyewe lina usemi

Watu huchagua njia kwanza, tunda baadaye. Mimi ningeanza na sokoni.

Papai lililokatwa ni la mkupuo mmoja, hakuna mjadala. Lile jimaji juu ya nyama na kung'aa kwa mbegu nyeusi hudumu nusu saa, kisha uso unakunjamana na nzi wanafika. Chungwa lililokatwa, stafeli lililopasuliwa, shokishoki iliyomenywa nusu, vyote hivyo vinakupa muda mfupi. Ndizi pia naiweka upande huu kwa sababu nyingine: mwili wake una bapa, kila bapa lina mwanga wake, na mpigo mmoja mpana wa brashi bapa unalipata bapa zima kwa mara moja. Ukiilainisha kwa matabaka inageuka kuwa bomba. Halafu siku ya tatu ina madoa, ya tano ni nyeusi. Ndizi za picha yangu ya kulia ni ndizi za mikungu minne tofauti, na kwa jicho la kuchora inaonekana: hazijui zimekaa vipi.

Embe dodo ni tabaka. Ule mpito kutoka kijani cha begani hadi manjano ya tumboni, na wekundu unaopanda shavuni kama mtu aliyeona haya, ni shida kuupata kwa rangi mbichi bila kuuchafua. Chora embe zima kwa manjano na kijani, liache likauke wiki, kisha pitisha utandu wa nyekundu ya alizarini shavuni na uufute kingo zake kwa kitambaa. Utapata wekundu ulio ndani ya ganda.

Na plamu. Plamu za Lushoto zikifika zikiwa hazijashikwashikwa zina ule unga mweupe wa asili juu ya ganda, na pale kidole kilipogusa panang'aa zambarau nyeusi. Kwa mkupuo mmoja nimejaribu mara nyingi. Unga ule unazama kwenye zambarau mbichi na kuwa majivu. Kwa tabaka unangoja zambarau ikauke kabisa, unachukua brashi karibu kavu yenye nyeupe na buluu kidogo, unaipangusa juujuu, na unga unakaa pale ulipouweka. Kisha kwa kitambaa unafuta alama moja ya kidole. Hiyo alama ndiyo inayowasimamisha wageni wangu.

Chungwa, ndimu, limau na dafu ni vya katikati. Vinavumilia wiki nzima mezani na vinakubali njia yoyote. Kwa hiyo ndivyo vya kuanzia, hata kama havikuvutii.

Wala usichague tunda lisilo na kasoro. Kikapu cha matunda alichochora Caravaggio karibu mwaka 1599, kilichoko Milano, kina tofaa lenye tundu la funza na majani yaliyonyauka na kutoboka. Baka la kahawia kwenye chungwa ni zawadi kwa mchoraji, maana linaonyesha ganda linapinda kuelekea wapi.

Dirisha

Masomo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani yanasema kaa kwenye dirisha la kaskazini. Kwao ni kweli, kwani jua la mchana haliingii upande ule, nuru inakuwa tulivu kutwa. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, na jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi mchana linapita kusini kwetu. Kati ya Machi na Oktoba linapita kaskazini. Dirisha tulivu kwa hiyo linahama. Nimejitengenezea njia ya kukumbuka: kaskazi ikivuma, dirisha la kaskazini, kusi ikivuma, dirisha la kusini. Upepo na kivuli vinakwenda pamoja, na hapa kwangu haijanipotosha.

Mkupuo mmoja unahitaji dirisha tulivu kwa asubuhi moja tu. Ukilikosa, kivuli cha tunda kitatembea mezani mbele ya macho yako na utajikuta unakikimbiza. Tabaka inahitaji nuru ileile kwa wiki tatu au nne, saa ileile, na anga letu halikupi ahadi hiyo: leo jua kali, kesho wingu la masika limefunika hadi Raskazone. Suluhisho la wengi ni kona yenye pazia na balbu moja nyeupe upande mmoja, juu kidogo ya tunda. Inafaa sana, mradi umeme uwepo. Mimi huweka alama za chaki mezani, pale sahani ilipokaa na pale miguu ya stendi iliposimama, ili kesho nirudishe kila kitu mahali pake.

Wengine hupiga picha kwa simu na kuchora kutoka humo. Kwa kukumbuka mpangilio, sawa. Kwa rangi, simu inazamisha vivuli kuwa weusi mtupu na ile nuru inayorudi kutoka kitambaani inapotea, nayo ndiyo tuliyoifuata.

Mfuko

Mkupuo mmoja unakula rangi. Mipigo ni minene, na tyubu ya nyeupe huisha kabla ya nyingine zote, kwa hiyo hiyo nunua kubwa. Rangi zangu huja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na nikiishiwa nyeupe Jumamosi, Jumapili imekwisha. Lakini tyubu tano zinatosha: njano ya kadmiamu, nyekundu, ultramarini, amba iliyochomwa, nyeupe ya titani. Brashi tatu bapa za manyoya magumu na kisu.

Tabaka haitumii rangi nyingi, ila inataka zaidi vitu vidogovidogo: alizarini kwa ajili ya utandu, mafuta ya kitani safi ya wachoraji, brashi laini, na mahali pa kukaushia pasipoingia vumbi. Gharama yake kubwa ni siku zako. Pia matunda ya kurudia kununua, ambayo angalau yanaliwa.

Cha kuchorea ni kilekile. Hadibodi iliyosuguliwa kwa msasa na kupakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayoandaa kibao, mara tatu ni imara kuliko kanvasi ya bei rahisi, ambayo kwenye unyevu wetu leo imelegea, kesho imekaza. Paka na mgongo wa hadibodi isije ikajipinda. Vanishi iache hadi miezi sita, na kwa rangi nene subiri hata mwaka.

Sasa nani aanze wapi

Wale watatu niliowataja mwanzoni. Wa kwanza ni aliyetoka kwenye Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya hadibodi, na mikono mingi ya nchi hii imejifunza humo. Mkono huo umezoea kutandika usuli kwanza, kuungoja ukauke, ndipo kuweka mnyama juu yake. Subira ya tabaka anayo tayari; asiitupe. Ajifunze tu kwamba rangi ya mafuta inangoja siku pale alipozoea kungoja saa.

Wa pili ni mwenye nusu saa kwa siku. Muuguzi wa zamu, mama mwenye mtoto mchanga, mwenye duka anayefunga saa tatu usiku. Mkupuo mmoja unataka saa nne au tano mfululizo, na ukikatwa katikati huirudii rangi ilivyokuwa. Tabaka inakubali vipande. Achore ndimu tatu chini ya balbu, tabaka moja kwa wiki, na mwisho wa mwezi atakuwa na picha iliyokamilika badala ya vibao vinne vilivyoachwa njiani.

Wa tatu ni yule ambaye rangi inamchanganya kiasi cha kutoona mwanga na giza. Utamjua: tunda lake ni bapa kama sarafu hata akichanganya rangi vizuri. Huyo achore kwa amba na nyeupe pekee mwezi mzima. Nusu ya tabaka ndiyo dawa yake.

Waliobaki, ambao ndio wengi, nawaomba wavumilie mkupuo mmoja kwanza. Sababu yangu ni hesabu ya makosa. Katika siku 26 za picha ya kulia nilijifunza yale ya picha moja. Kwa siku hizohizo, ukichora tunda moja kila asubuhi kwenye kibao cha sentimita 15, una vibao 26, na makosa ya cha kwanza hayapo kwenye cha kumi. Ukija kwenye tabaka baadaye unajua tayari rangi gani unaitafuta chini ya utandu.

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne alikuja na begi lake, akasimama mbele ya ile ya kulia.

"Shikamoo shangazi. Mimi nataka kuchora kama hii."

"Marahaba mwanangu. Kaninunulie ndimu kumi."

"Ndimu? Si plamu?"

"Ndimu, mwanangu. Kubwa, zenye mabaka."

Alinuna siku mbili. Ndimu ya kwanza ilikuwa yai la kijani. Ya nne ilikuwa na kivuli lakini ilielea, haikuikalia meza, nikamwonyesha ule mstari mweusi mwembamba pale tunda linapogusa kitambaa, mahali nuru haipiti kabisa. Ya tisa alinyamaza nayo asubuhi nzima, hata chai hakuinywa, na alipoinuka sikuwa na la kumsahihisha isipokuwa sahihi yake, aliyoiandika kubwa mno. Ndimu ile imetundikwa sasa katikati ya hadibodi zangu mbili.

Juzi ameniomba tena plamu. Nimempa kibao cha sentimita 30 kwa 40 chenye jeso mara tatu, na kopo la amba. Mchoro wa chini ameumaliza jana jioni, uko barazani unakauka, na mama muuza matunda ameahidi kutuwekea plamu ambazo hazijashikwa na mtu.